Dele Halishikwi na Mgeni

Jumanne, 8 Oktoba 1968. Matrah, Maskati

Daftari hili lina haki ya kunilaumu. Tangu niteremke melini sikuliandikia hata mstari mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaadhibu wasichana wangu shuleni kwa kuacha kurasa tupu. Sababu ni joto. Sababu si udhuru. Naomba radhi, na naanza.

Sala, kukunja godoro juu ya paa, kuteremka ngazi. Baada ya hapo, hakuna. Nikishika ufagio, unachukuliwa. Nikishika sahani, inachukuliwa. Nilikuja kumtembelea Zuwena kwa miezi miwili; huu ni wa tano. Nyumba yangu ya Unguja si yangu tena. Kaka yangu Nassor ana chumba Mombasa, nyuma ya duka lake, na anataka jibu kabla ya meli itakayopita karibu na Ramadhani.

Chumba cha Nassor sikitaki. Nataka kuwa karibu na Zuwena, niliyekaa naye dawati moja utotoni. Lakini kuwekwa pembeni kama mtungi wa kuazima, siwezi.

Jumatano, 9 Oktoba

Saa nne wanawake wa mtaa hunywa kahawa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Leo ilikuwa kwetu. Nimekosea: kwao.

Tende kwanza, kunawa vidole, kisha kahawa. Zuwena humimina kwa dele, birika la kahawa, amesimama. Mama mkwe wake, Bi Shamsa, hukaa kwenye takia kubwa. Macho yake ni mabovu na hakuna kinachompita. Kikombe hujazwa tena na tena mpaka mnywaji akitikise. Hilo hakuniambia mtu siku ya kwanza. Nilikunywa kwa adabu, kikombe juu ya kikombe, mpaka moyo ukanipiga kama ngoma, na Zuwena akidhani nina kiu.

Kiarabu changu ni cha vitabuni. Wanakielewa na wanacheka. Bi Raya, jirani aliyepata kuishi Pemba, aliniambia kwa Kiswahili: "Mwalimu, ukiomba maji tunangoja tuitikie amina." Sikucheka. Nilicheka baadaye, peke yangu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeteka maji kisimani kabla nyumba haijaamka. Zuwena alinipokonya kamba.

"Shoga, kaa kitako."

Nimekaa. Nina hasira. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo tulivyolelewa, mimi na yeye. Asiyepewa jembe anakumbushwa kwa heshima kwamba njia anaijua.

Jumapili, 20 Oktoba

Siku mbaya.

Kahawa ilikuwa hapa. Zuwena aliingia jikoni kuongeza tende. Vikombe vilikuwa vitupu, na dele lilikuwa mbele yangu, la moto. Nikasimama, nikamimina. Nilianza na Bi Shamsa, kama umri unavyotaka.

Bi Shamsa hakunywa. Alikiinamisha kikombe juu ya sinia, kahawa ikamwagika taratibu mpaka tone la mwisho.

"Leo mgeni ndiye anayetukaribisha," alisema Bi Raya. "Nyumba hii imekwisha watu?" Kisha: "Na dele kalishika kwa mkono wa kulia."

Zuwena alikuwa amesimama mlangoni na tende mkononi. Uso wake sitausahau.

Jumatatu, 21 Oktoba

Zuwena alizungumza nami juu ya paa, akianua nguo, bila kunitazama. Huku mgeni haguswi na kazi. Akimimina kahawa, basi wenyeji wameshindwa kumhudumia, au wamemwajiri. Dele hushikwa na mtu wa nyumba, kwa mkono wa kushoto, ili kikombe kitolewe kwa wa kulia. Mtoto mdogo anayajua haya.

"Mimi nimeolewa huku mtu mzima, shoga. Walisema mwanamke wa Unguja hajui nyumba. Nimewajibu kikombe kwa kikombe. Wewe umewarudishia maneno yao kwa siku moja."

Nikamkumbusha habari ya mgeni na jembe.

"Basi nenda kalime," akasema.

Bi Shamsa hasemi na Zuwena tangu jana. Anakula anachompikia, na hasemi naye. Aibu yangu ningeibeba. Hii si yangu peke yangu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Zamu yetu ya kahawa imerukwa. Wamepita mlangoni wakielekea kwa Bi Raya.

Nimekata shauri moja: sipandi meli hali Zuwena amenyamaziwa. Nilijitanda mtandio wangu mzuri, nikaenda kukaa mbele ya Bi Shamsa. Nilisema maneno niliyoyapanga tangu alfajiri. Kosa ni langu. Mkweo hakujua. Kwetu, kumpa mgeni kazi ni kumwambia akae. Kumnyima ni kumwonyesha njia. Sikutaka kuonyeshwa njia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama khutuba ya pili inafuata. Nikasema hapana.

"Na sisi tunampumzisha mgeni," akasema, "ili asiondoke."

Miezi yote hii. Mimi nikidhani nafukuzwa kwa upole, wao wakidhani wananizuia.

Kisha alimwita Zuwena kwa jina lake, amletee maji. Zuwena alikuja mbio, na nusu ya maji yalimwagika njiani. Nilirudi chumbani nikalala mchana, jambo nisilolifanya.

Jumamosi, 2 Novemba

Habari ya sokoni ni kwamba meli itatia nanga wiki ijayo. Sanduku langu nimelifungua. Sijalipanga.

Bi Shamsa aliniita. Zuwena alifasiri, ingawa sikuhitaji. Jumatatu kahawa ni hapa, na wote watakuja, hata Bi Raya.

"Ukitaka, mimina wewe. Ukimimina, mgeni amekwisha. Utateka maji, utapokea watu, utaniosha nikifa. Na ukitaka kutoka, utaomba ruhusa kama anavyoomba Zuwena. Ukikaa kwenye takia lako, nitajua una safari, na nitakufungia tende za njiani. Hapana lawama."

Zuwena alifasiri yote kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alipofika kwenye tende za njiani, alianza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Neno lake mwenyewe hakulisema. Namshukuru. Angelisema, ningeamua kwa ajili yake, na baadaye ningemlaumu.

Niseme kweli. Sijaomba ruhusa ya mtu tangu nifiwe na mume wangu. Nimezoea kutoka nitakapo. Mombasa nitatoka nitakapo, na hakuna atakayeuliza nimerudi saa ngapi. Na hakuna atakayeuliza.

Jumapili, 3 Novemba

Asubuhi Zuwena aliweka dele kuukuu mlangoni pangu. Limebonyea ubavuni, nalo ni tupu. Hakusema limetoka kwa nani. Alikwenda zake.

Nimelijaza maji nikapanda nalo juu ya paa, pamoja na kikombe. Mkono wa kushoto ni mkaidi kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumfundisha. Maji ya kwanza yalinimwagikia miguuni. Ya pili yaliingia nusu. Nimerudia mpaka adhana ya alasiri. Sasa yanateremka membamba, yamenyooka, na mwishoni tu yanatikisika.

Upepo leo ni mzuri. Sanduku bado liko wazi.

Maji yamekwisha deleni. Nashuka kisimani kuteka mengine. Uamuzi nitauandika hapa utakapokuwa umefanywa, kwa sentensi moja, bila udhuru.