Maji Katika Pombe ya Ulezi

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa

Mke wangu mpendwa, Mama Leokadia,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwetu hapo Mollo. Mimi ni mzima, nakula, nasali. Mgongo wako je? Na mama mkwe, kikohozi kimemwachia?

Mama Leo, kaa chini kwanza. Kiwanda cha nguo kimetupunguza, na jina langu lilikuwemo. Usilie, mimi nimeshalia kwa niaba yetu, yakaisha.

Kilichoniumiza kichwa ni hiki. Miaka yote nilikuandikia, "Pesa ikifika nunua bati siku hiyohiyo, la sivyo pesa itaoza kama nyanya." Sasa bei ya sukari imetulia, pesa haiozi, ndipo nakosa kazi! Nikamuuliza mwenzangu wa kwaya, Feliksi, karani wa benki.

"Benki Kuu imebana fedha, riba imepanda," akasema. "Kiwanda chenu kilikopa ili kinunue pamba. Mkopo umekuwa ghali, mashine zimesimama."

"Na wabane kwa nini?"

"Baba Leo, fedha zikizagaa, bei zinaruka!"

Nikacheka mpaka akashangaa. Nilikumbuka ile pombe yetu ya kulimia. Majirani walikuja wengi kutulimia, ulezi ulikuwa kidogo, nami nikaongeza maji kwa siri. Mitungi ilijaa, lakini aliyezoea kibuyu kimoja alidai vitatu. Wakaacha nusu ya shamba, wakaondoka wakiimba, "Kwa Baba Leo tumekwenda kuoga!"

Nilipomsimulia, Feliksi akajipiga kofi pajani. "Ndiyo hiyo! Benki Kuu imeacha kutia maji. Pombe imerudia ukali wake, ila vibuyu havimfikii kila mtu. Ninyi mlikaa mwisho."

"Basi mimi narudi unakolimwa ulezi," nikamwambia.

Narudi, Mama Leo, kama utanipokea. Niliondoka nikikuahidi nyumba nzima ya bati, na bado upande wa jikoni ni nyasi. Hilo tu ndilo linalonitia hofu. Kazi Mungu atanipa. Sitakata tiketi kabla ya jibu lako.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu. Katekista mwambie sauti yangu ya besi bado ipo. Shemeji mwambie asiuze maksai.

Kama jibu ni ndiyo, loweka ulezi, uwaalike majirani walewale, hasa walioimba. Safari hii maji utapima wewe.

Mumeo katika Kristo,
Baba Leokadia