Kibao Mbele ya Rejeta

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Katubuka bibi yako hajambo, ila goti linamsumbua.

Unasema pikipiki yako inachemka milimani na mafundi wanataka kufungua injini. Wasiiguse! Miaka ile ya wakimbizi, pikipiki ya ofisi yetu ilichemka kila ikipanda milima ya Kalinzi. Mkuu wetu akamlaumu fundi Nduwayo, mkimbizi kutoka Burundi. Nduwayo akaweka kiganja kwenye rejeta ya kupozea injini, akakuta upepo haufiki. Akafungua kibao cha jina la ofisi kilichoiziba, tukapanda hadi juu bila kuchemka.

Mkuu akafoka, “Mkimbizi gani wewe, unatung'olea jina letu!” Akamfukuza kazi palepale.

Hasira haijaniisha mpaka leo. Kibao kilirudishwa, na aliyekifunga ni mimi.

Babu yako