Jani Moja Ulilivunja na Wawili

Shoga yangu Mwanajuma,

Salamu ntakuwekea tu, maana huko uliko huitiki. Nina hasira nawe, na hasira hazingojei arubaini.

Habari za Mtongwe kwanza, najua ungeziuliza hata ndani ya sanda. Kuku wako nnao mimi, yule jogoo mwendawazimu kaniparura mguu. Na yule bibi wa nyumba ya nyuma kaolewa tena, hina kapaka mpaka viwikoni!

Haya, tuje kwetu. Ule mchezo wa ramani na vijiaskari uliopewa na mke wa afande wa kambini walipohama. Karatasi ya sheria ilikuwa ya Kizungu, tukatunga zetu, mimi, wewe na jirani yetu Riziki: wanaoungana wavunje jani moja la tambuu, huyu nusu, huyu nusu, na waliotafuna pamoja hawapigani. Sheria hiyo uliitunga wewe! Kwa kinywa chako!

Siku ile ukanivuta jikoni, ukanipa nusu. "Mishi dada, toa askari wako mpakani kwangu, wapeleke wote kwa Riziki." Nami mjinga nikawatoa, hata mmoja sikubakisha. Ukanivamia, nchi tisa kwa mpigo! Na Riziki acheka, meno mekundu. Kumbe ulishatafuna naye uani kabla yangu.

Nikakununia wiki tatu. Nikipita mlangoni kwako nakohoa makusudi, ujue napita. Nangoja neno moja, "nisamehe". Ikakujia homa, siku mbili tu, na wala hukuniita. Mtu hufa hivyo, shoga? Katikati ya ugomvi?

Kabla ya jeneza kuinuliwa, kakako akasimama mlangoni: "Mwenye kinyongo na marehemu, tafadhali amsamehe." Wanawake wote wakajibu, "Tumemsamehe." Mimi nikafunga mdomo. Wallahi nilifunga! Kwa vijiaskari vya plastiki nikakuacha ukaondoka bila neno langu.

Jana Riziki kaja na ramani kwapani. "Tucheze, dada." Tucheze nini? Watu wawili wataungana dhidi ya nani? Ni kupigana tu, hakuna kunong'ona, hakuna kuvutana jikoni. Nikamwambia atoke. Hakutoka. Akalia, nami nikalia, halafu nikalisema neno lile kwa sauti, yeye shahidi: nimekusamehe, Mwanajuma. Nimechelewa, lakini nimesema.

Haya nenda, mwongo wangu, Mungu akulaze pema. Kila Ijumaa ntakusomea Yasini, inshallah, hata zile Ijumaa ntakazoamka nimekukasirikia. Na zitakuwa nyingi.

Mimi, Mishi