Shingo Yako Kwenye Sanamu ya Rais

Baba yangu,

Shikamoo. Najua marahaba sitaipata, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Nataka nikwambie ukweli wa ile sanamu. Unakumbuka ulivyokuwa ukifunga duka lako la kofia pale Kariakoo, unaenda kusali Adhuhuri, halafu unanipitia karakana kwangu, mtaa wa Gerezani? Unakaa kwenye tairi bovu na chai yako, unaangalia mabasi ya mwendokasi yanapita, unaniuliza kama nimekula. Siku moja ukakuta nafinyanga kichwa cha mtu kwa udongo. Nikakwambia nimepata kazi kubwa: watu wa kisiwa kimoja kidogo wanataka sanamu ya shaba ya rais wao wa kwanza, baba wa taifa lao, isimame katikati ya mji.

Hukunigombeza. Ulisema tu, "Si utengeneze mageti, mwanangu? Sanamu ya mtu, kesho akhera utaambiwa uitie roho. Utaweza?"

Nikakutania, "Na wewe nitakuchonga, Baba."

Hapo hukucheka. "Mimi usithubutu."

Nilithubutu. Picha waliyonipa ya rais wao ilikuwa moja, tena ya mbele. Ubavuni na kisogoni sikujua niweke nini, na wewe ulikuwa umekaa pale kila siku, umenipa upande. Nikachukua sikio lako. Nikachukua pua yako ilivyoinama, na shingo yako na ile mikunjo yake. Ulikuwa unapuliza chai, hujui kitu.

Halafu video ya uzinduzi ikaingia kwenye simu ya Mangi, jirani yako wa duka la jumla. Mwenyewe ndiye aliyenihadithia. Kamera ilipozunguka sanamu akapiga kelele, "Mzee! Kumbe umekuwa rais hutuambii? Nipe hata uwaziri basi!" Mtaa mzima ukacheka. Wewe ukaichukua ile simu, ukatazama, ukashika sikio lako.

Ukaja nyumbani Magomeni, hata viatu hujavua.

"Yule ni mimi?"

"Hapana, Baba."

"Sema wallahi."

Nikasema wallahi. Ukanitazama kidogo, ukaomba maji ya kunywa.

Ulipolala kitandani na wote tukajua huamki tena, nikakushika miguu nikakuomba radhi, kama mtoto yeyote anavyoomba. Nilitaka niseme. Lakini chumba kimejaa, shangazi wanasoma Yasini. Ukanijibu polepole, "Nimekuridhia, kwa yote ninayoyajua."

Kwa yote unayoyajua. Baba, hilo neno linanimaliza. Nikikuombea dua nakwama hapo hapo. Karakana nimemwachia mwenzangu, siwezi tena kugusa udongo.

Juzi akanipigia bwana mmoja wa kamati ya kule kisiwani. Watoto wa rais wamelalamika: ukisimama mbele ni baba yao, ukizunguka ubavuni ni mtu wasiyemjua. "Fundi, tuambie kweli," akasema. "Kama siyo yeye, kichwa tunakiyeyusha, kinatengenezwa upya."

Neno moja tu lilitakiwa, Baba. Moja, na ungetoka pale juani ambako hukutaka kuwekwa.

Lakini wewe hukupenda kupigwa picha. Tunayo ile ya kitambulisho, imefifia mpaka wajukuu zako wananiuliza huyu nani. Mimi mwenyewe pua yako imeanza kunipotea. Nikitaka kukuona, nafungua ile video, nasubiri kamera izunguke.

Nikamjibu, "Ndiye yeye. Waambie watoto wake waangalie vizuri."

Sasa nimewaibia na wao baba yao. Radhi sikuombi tena, maana wakinipigia kesho nitajibu vile vile.

Pumzika, Baba, kama nimekuachia pa kupumzika.

Mwanao,
uliyemridhia bila kujua