Jina Lililobaki Kwenye Sweta

Ijumaa, 18 Julai

Samahani. Sijui namwomba nani, maana daftari ni langu na halisomwi na mtu. Ila nimekaa muda mrefu mno bila kuandika mpaka naona haya kulifungua. Ukurasa wa mwisho ni wa kabla ya Ramadhani. Nimeandika: Nasra ana homa, leo hajaenda shule. Baada ya hapo weupe mtupu.

Niandike kilichofuata mara moja, nisirudie. Nasra alifariki. Miaka mitano. Homa, hospitali, tukarudi bila yeye. Tukamzika siku ileile baada ya alasiri.

Leo nimeamka, nimechoma vitumbua, vimeisha mapema. Nimefua nepi za Imrani. Baba yao anaendesha lori la watu, yuko njiani, Tunduma huko. Mama mkwe kanishikia mtoto. Watu wakitoka msikitini, simu ikalia. Habari za Ijumaa.

Kila Ijumaa mwalimu wa chekechea anatuma kwenye grupu la wazazi: wiki hii watoto wamejifunza nini, wiki ijayo walete nini. Mie hawajanitoa. Sidhani wamesahau. Nadhani kila mmoja anamwachia mwenzake. Na mie sijajitoa. Nasoma zote. Najua watoto wa watu wamefika herufi gani.

Muhula huu mwalimu ni mpya, anaitwa Farida. Wa kwanza, Mwalimu Joyce, alijifungua akahamia Kawe. Huyu Farida anaandika vizuri, anataja watoto kwa majina. Leo kaandika: "Wazazi wapendwa, wiki hii tumemaliza ma me mi mo mu. Hongera Junior, hongera Salha, na hongera sana Nasra, ameandika neno mama bila kushikwa mkono."

Nikaweka simu juu ya ndoo. Nikaichukua tena. Bado imeandikwa.

Nasra darasani alikuwa mmoja tu.

Jumamosi, 19 Julai

Nimejiambia ni Nasra mwingine, mtoto mpya. Majina hayana mwenyewe. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi ujumbe umekuja kwangu moja kwa moja, si kwenye grupu. "Habari za asubuhi Mama Nasra. Mtoto amekuja bila chupa ya maji. Kesho asisahau."

Kumbe si Nasra mwingine. Namba yangu kaitoa ofisini, kwenye jina la mwanangu.

Mama Nasra. Mtaani wameacha kuniita hivyo. Arobaini ilipopita wakahamia Mama Imrani, taratibu, kama mtu anavyokuondolea stuli njiani usijikwae. Hata mama mkwe. Sikukataa. Lakini leo nimeliona limeandikwa na kifua kimefunguka kama dirisha.

Nikajibu: Sawa mwalimu.

Kwa nini nimejibu hivyo.

Jumanne, 22 Julai

Nimeosha chupa ya juisi, nimeijaza maji yaliyochemshwa, nimeipeleka getini. Nikamwambia mlinzi, ya Nasra, darasa la Mwalimu Farida. Kaipokea, kaiweka dirishani na chupa za wenzake. Hakushtuka. Mlinzi naye ni mpya.

Nimerudi naenda haraka kama nimeiba.

Ijumaa, 25 Julai

Picha. Watoto wamepigwa kwa nyuma, wamekaa mkekani wanahesabu vizibo vya soda. Wa tatu kutoka ukutani ana sweta la bluu lenye kiraka cha uzi wa njano kwenye kiwiko cha kushoto.

Kiraka hicho nilishona mie. Nasra alilichana kwenye msumari wa geti wiki ya kwanza ya Januari, na uzi wa bluu ulikuwa umeniishia. Joto lote lile alilivaa, hataki kulivua, eti ndiyo shule.

Uso hauonekani. Kichwa kimesukwa twende kilioni, mistari yote inarudi nyuma. Nasra nilikuwaga namnyoa. Pembeni ya goti, chupa yangu.

Chini ya picha mwalimu kaandika Nasra sasa anafunga kamba za viatu mwenyewe na anawafungia wenzake. Wazazi wamejaza makofi. Wale wachache wanaonijua wamekaa kimya. Wa kwangu kamba zilimshinda kabisa, alikuwa anazichomeka ndani ya kiatu.

Niandike kama lilivyo: nimefurahi. Nimesema moyoni, kaweza. Ndipo nikaogopa.

Ijumaa, 1 Agosti

Leo katuma voisi. Kaandika, wasikieni watoto wenu wanavyoitika. Nimeingia uani, nimekaa juu ya jiwe la kufulia.

Anaita mmoja mmoja. Junior, nipo. Salha, nipo. Akaita Ester. Kimya. Akaita tena, Ester. Kimya. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, huyu naye tangu shule ifunguliwe hajaja. Nikamfikiria mama yake Ester, popote alipo.

Kisha, Nasra.

"Nipo."

Nimeirudia mpaka bando limekata, nikagundua haihitaji bando, ilishaingia kwenye simu. Nikarudia tena. Sauti nyembamba, imechelewa kidogo. Nilitega sikio niseme si yake. Sikuweza kusema si yake. Wala kusema ni yake. Sauti ya mwanangu imenitoka, na sikujua imenitoka lini.

Imrani alikuwa mgongoni. Kila simu ilipoitika alikuwa anainua kichwa. Anainua kwa kila sauti, hata ya muuza mihogo. Najua.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Hakuna shule, hakuna habari. Nimeshinda na simu mkononi kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Nimemfokea mama mkwe kwa ajili ya chumvi. Kaonja. Kasema, "Mwanangu, chumvi haijazidi."

Kweli haikuzidi.

Jumanne, 12 Agosti

Jana mwalimu alitaka kila mzazi amtumie majina ya watu wa nyumbani, mada ni Familia Yangu. Nikaandika bila kusita. Baba, mama, bibi, na mdogo wake Imrani. Nasra hakuwahi kumwona Imrani. Alikuwa bado tumboni. Alikuwa analala kaegemeza sikio pale, anasema huyu ni wangu. Kwa hiyo niliandika.

Leo jibu limekuja. "Mama Nasra, pole na majukumu. Mtoto anakataa kwamba ana mdogo wake. Nimemsimamisha mbele amtaje, akalia mpaka akajikojolea. Mzungumze naye nyumbani, si vizuri kumkana ndugu yake."

Nilikaa chini palepale, vitumbua vikaungua, sikuvigeuza.

Mtoto wa mtu amesimamishwa mbele ya wenzake alazimishwe kuikubali nyumba yangu. Mwalimu hajui. Mtoto hajui. Anayejua ni mie, na mie ndiye niliyemliza. Nilitaka Ijumaa zangu ziendelee, basi.

Nikamfuata mama mkwe ndani. Arobaini ilipopita yeye ndiye aliyetoa nguo za Nasra sadaka. Ndivyo tunavyofanya, na aliyetoa haulizwi kampa nani. Sikuwahi kuuliza. Leo nikauliza.

"Sadaka haifuatwi, mwanangu."

"Siifuati, mama. Sweta la shule ulimpa nani?"

Kasema, "Yule mama wa ndizi pale sokoni, wa Singida yule. Binti yake alikuwa anaanza shule hiyohiyo muhula huu. Sasa sare ya shule ile ningempa nani mwingine? Muuza samaki akafungie vibua?"

Shule ile kila sweta linadariziwa jina kifuani, watoto wasibadilishane. Nilikuwa nimemwomba alifumue kabla ya kulitoa. Nikamuuliza, na jina?

Akasema alishika wembe, akafumua N. Akaitazama ile nafasi. Akachukua sindano akairudishia.

"Mkono ulikataa," kasema.

Tumelia wote wawili, ila si pamoja. Yeye kitandani, mie jikoni.

Jumatano, 13 Agosti

Sokoni Tandale. Nilisimama mbele ya mafungu ya ndizi nayatazama.

"Dada, ndizi haziposwi," kanitania. "Unachukua au unazipigia picha?"

Mwanamke wa umri wangu, khanga imefifia, mikono myeusi kwa utomvu. Nikamuuliza mtoto wake anaitwa nani. Kasema Ester.

Ikabidi nikae kwenye tenga lake. Ester anayeitwa kila asubuhi haitikii. Yupo siku zote. Amekaa wa tatu kutoka ukutani.

Nikamweleza polepole. Mwanzo alidhani nimekuja kudai nguo, akataka kukimbia nyumbani akalilete sweta. Nikamshika mkono. Kusoma kwake ni kwa kuungaunga, yale maandishi ya kifuani alijua ni jina la shule. Simu yake ni kitochi, kwa hiyo grupuni hayupo. Ijumaa zote hizi hajapata habari hata moja ya mwanawe. Nimezipata mie.

Na mtoto alimwambia. Wiki ya kwanza tu alirudi akasema, mama, shuleni naitwa Nasra. Mama yake akamjibu itikia tu, ndilo jina lako la shule. Kwao ni kawaida. Yeye mwenyewe nyumbani alikuwa Nyanjige, shuleni wakampa Magreti, akaitika mpaka akamaliza.

Basi mtoto akaitika. Na Ester akiitwa hafungui mdomo, maana Ester ni wa nyumbani.

"Nisamehe," kasema Mama Ester. "Nimemvalisha mwanangu jina la marehemu bila kujua."

Nikamwambia asiseme hivyo. Nikamwambia mtoto wako anajua kufunga kamba za viatu.

"Nani? Ester? Hapa kwangu ananinyooshea mguu nimfunge mie!"

Akacheka, akajiziba mdomo kwa khanga. Na mie nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumekwenda shule wote wawili. Mwalimu Farida ni msichana mdogo kuliko nilivyomdhania. Tulipomaliza kueleza alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni, akalia. Alijifunza majina ya darasa kwa kusoma vifua. Aliyemkabidhi daftari la mahudhurio hakumwambia kuhusu msiba, na jina la Nasra halikukatwa popote. Sikumlaumu. Nilimwambia jambo moja tu, asimsimamishe tena mtoto mbele ya wenzake kwa kosa la watu wazima. Alisema ndiyo dada.

Akamleta. Mdogo wa umbo, pengo mbele, ananitazama miguuni. Hafanani naye hata kidogo. Nilikuwa nimeogopa atafanana. Nikaogopa zaidi alipokuwa hafanani, kwa sababu ndipo Nasra wa kwenye simu alipokwisha.

Nilimwambia, mama, nikopeshe sweta lako kidogo. Alimtazama mama yake, akalivua. Bado lina joto lake. Nilikaa kwenye benchi la nje na wembe nikafumua. A, R, S, A, zilitoka upesi. N ilinisumbua. Mama mkwe aliirudishia kwa uzi wa mara mbili.

Jina limetoka lakini mahali pake panaonekana. Pale lilipokuwa rangi haijapauka. Ukijua, unalisoma.

Nikamvalisha, nikamfunga vifungo. Mwalimu akasimama mlangoni akaita, Ester.

Kimya.

Mtoto akageuka kwa mama yake, kama anayeomba ruhusa ya kutoa siri ya nyumbani. Mama Ester akatikisa kichwa, ndiyo.

"Nipo," akasema.

Ile ile sauti. Safari hii nilijua ni ya nani.

Ijumaa, 15 Agosti

Habari zimeingia baada ya swala. Wiki hii mada ilikuwa Familia Yangu. Ester ametaja watu wa kwao wote, hadi mbuzi wa babu yake. Wiki ijayo walete maboksi matupu. Nasra hayumo.

Nimekwenda sokoni nikamsomea Mama Ester huku akipanga mafungu. Kaniomba nirudi nyuma nimsomee na zile za nyuma. Nimemsomea. Pale pa kuandika neno mama kaniambia rudia. Nikarudia. Itakuwa kazi yangu ya Ijumaa hadi apate simu.

Kaniaga kwa kuniita Mama Nasra. Mama mkwe nilikuwa nimefuatana naye. Kasikia. Jioni na yeye kaniita hivyohivyo, akiniomba maji.

Imrani amelala. Mwalimu Farida kasema stoo ya shule ina vitu vya watoto vya tangu Januari, niandike vya Nasra aviangalie, atamkabidhi mlinzi anitumie. Nimeandika. Bado nasubiri:

Kikombe cha plastiki, rangi ya chungwa, ukingoni kina alama za meno.

Kandambili ya kushoto. Ya kulia ninayo.

Daftari la kuchora, kurasa chache tu zimetumika. Lije kama lilivyo, zisichanwe zile nyeupe.

Na kutoka kwa Mwalimu Joyce, Kawe, kama hajaifuta kwenye simu yake: voisi yoyote ya mwezi wa kwanza, hata yenye kelele, ambayo anaitwa na yeye anaitika.