Mama Amepanda Ndege Peke Yake

Endasak, Hanang,
14 Machi 2025

Mpendwa dada Benedikta,

Shikamoo dada. Habari za huko Songea, na masista wenzako wote? Kile kikohozi chako kimepona? Huku mvua zimeanza na mahindi ya upande wa mlimani yameota vizuri. Barua hii anakuletea Sista Mary, maana najua ninyi wanovisi hamruhusiwi kuwa na simu mpaka muweke nadhiri za usista.

Dada, soma taratibu. Mama alikataza usiambiwe, eti usije ukaacha unovisi wako. Mimi nimeshindwa. Lile tezi la shingoni limekua mpaka akilala chali anakosa pumzi. Daktari alisema apasuliwe Dar es Salaam, na asithubutu kukaa kwenye basi kutwa nzima. Aende kwa ndege kutoka Kilimanjaro, ni saa moja na dakika chache tu.

Baba alicheka kidogo. "Saa moja? Mimi kwa saa moja sijafika hata Katesh." Lakini ugali hakuugusa.

Jumanne mume wangu Emanuel alimpeleka Mama kiwanja cha ndege. Waliondoka hapa alfajiri. Kwenye ndege alipanda peke yake, kaka Hilary akawa anamsubiri Dar. Mchana Emanuel akapiga simu: ndege imeruka.

Saa moja ikapita. Tukampigia Mama, simu imezimwa. Tukarudia, imezimwa. Hilary akasema Dar kunanyesha mvua kubwa, ndege haijatua, na hakuna anayewaeleza kitu. Baba akatoka, akasimama uani anatazama mawingu. Mimi nikawa naosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha. Niliwaza, pumzi ikimkata kule juu, nani hata atajua anaitwa nani?

Jioni ndipo Hilary akapiga. Kumbe ndege ilikwepa mvua ikatua Zanzibar, ikangoja huko, kisha ikaja Dar. Mama alikuwa salama, amekaa pembeni yake. Nikamuuliza, mama, mbona ulizima simu?

"Yule binti wa kwenye ndege alisema tuzime. Sikumsikia akisema tuwashe."

Baba alininyang'anya simu. Akamwita Mama kwa jina, "Marieta," akaita tena, "Marieta."

Sasa upasuaji ni Alhamisi ijayo. Tezi limebana njia ya hewa, na daktari hakutuficha kwamba si kazi ndogo. Usingizi umenipotea, dada.

Nakuomba umwombe mlezi wenu akuruhusu kumpigia Mama kabla ya siku hiyo, kwa namba ya Hilary ile ile. Usiache unovisi, wala usifunge mizigo. Asikie sauti yako tu.

Mama hajanituma. Ila jana Hilary aliniambia kwamba Mama alimuuliza, kutoka Dar mpaka Songea ndege inachukua muda gani. Akamjibu haizidi saa mbili. Mama akasema, "Kumbe si mbali."

Baba anakusalimu sana, na Emanuel, na shangazi Philomena wa Gitting. Kelvin na Doris wanasema shikamoo mama mkubwa. Mungu akulinde huko, na Alhamisi autulize mkono wa daktari.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Natalia