Fundi Amolo Hakuwa Mtu wa Kupiga Mke

Umetimia mwaka mmoja, Baba Sheryl, tangu tukurudishe Usenge na kukulaza kando ya mama yako, na bado kuna watu mtaani Nyalenda wanaosema ulikuwa unampiga mkeo. Tunajua kumbukumbu huwa ni za kushukuru Mungu na kumwombea mtu pumziko jema. Tutafika huko. Kwanza tuna neno na hao watu, na wewe usikilize tu, kwa sababu ungekuwa hai usingetuacha tulimalize bila kutukatiza.

Ulikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kelele zako zilifika kabla yako. Ulipiga nyundo asubuhi, ukapiga meza ukicheka, ukapiga redio mgongoni iliponyamaza katikati ya mpira. Mtu ukimsalimia, bega lake lilijua limesalimiwa. Siku umati ulipomzingira Wakoli pale bombani, wakidai ameiba simu, mawe na tairi vikiwa tayari, ni wewe uliyeingia katikati na nondo mkononi ukawaambia anayetaka kuanza aanze na wewe. Walikupasua kichwa kwa jiwe na hukuondoka. Wakoli yuko hai leo, na simu ilipatikana chini ya godoro la mwenye simu.

Ndani ya nyumba mkono huo haukuinuka. Mkeo Caren akikasirika alikurushia sufuria, na asituzuie kusema, maana mtaa mzima ulisikia. Wewe uliidaka ukauliza kama ugali umebaki. Sheryl hajui kiboko chako kinafananaje. Mama yake ndiye aliyekuwa askari wa nyumba.

Kisha ukaja ugonjwa. Saratani ilianzia kwenye tezi dume, na ilipogunduliwa ilikuwa imeshapanda kwenye nyonga na uti wa mgongo. Kituo cha saratani kilikupokea, na hatuna ubaya na mashine yao ya mionzi. Uvimbe ulipata madaktari wake. Maumivu hayakuwa na daktari. Ukilalamika, ulipewa vidonge vile vile vinavyouzwa kwenye kioski, na ukizidi kulalamika uliambiwa uvumilie, ndiyo matibabu yalivyo.

Nesi wa maumivu alikuwepo. Anaitwa Nabalayo, na chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, ukishapita jengo la kufulia mashuka. Utaratibu ulikuwa kwamba mgonjwa anapelekwa kwake matibabu yakishashindikana. Kwa hiyo wagonjwa walimwogopa kuliko saratani yenyewe. Akipita kwenye foleni, watu wazima walitazama ukutani kama watoto wasiotaka kuitwa na mwalimu. Caren naye aliapa kwamba mwanamke huyo hatakanyaga karibu na kitanda chako maadamu yeye anapumua.

Maumivu yakakuchukua kipande kwa kipande. Uliuma shuka mpaka likatoboka. Uligonga kichwa kwenye chuma cha kitanda mpaka damu ikatiririka, ukisema heri maumivu ya kichwa, hayo unayajua. Ulimtukana daktari Alamin matusi ambayo Sheryl hakudhani baba yake anayafahamu. Mhubiri aliyekuja kukuombea alitoka mbio, na chupa ya maji ilimfuata mpaka mlangoni.

Siku ile wanayoisimulia watu, Caren alitaka kukugeuza ili abadilishe shuka. Alikushika nyonga, taratibu kama kawaida yake, na ngumi ikatoka. Ilimpata mdomoni. Alianguka na stendi ya dripu, na jino lake la mbele likabaki sakafuni. Hukumtazama. Uliendelea kunguruma ukiupiga ukuta kwa mkono ule ule, mpaka walinzi wakaja wakakukalia kifua na kukufunga mikono na miguu kitandani. Hata ng'ombe hufungwa kwa huruma zaidi kuliko vile.

Caren alisema ameteleza bombani. Nani angemwamini? Nyalenda habari zako zinafika nyumbani kabla yako. Mchana huo huo kaka yake, Ondiek, alifika kutoka Kisian na rungu ndani ya koti. Kwetu shemeji ni mtu wa heshima, hata kula mbele yake unajipanga. Ondiek aliiacha heshima yote getini.

"Toka hapo, Caren," alisema. "Leo ni mimi na huyu."

"Yawa, Ondiek, amefungwa. Utapiga mtu amefungwa?"

"Basi wamfungue."

Caren alijilaza juu yako na mdomo wake umevimba. Ondiek akamvuta kwa nguo, naye akamng'ata kaka yake mkononi mpaka nyama. Walivutana hadi pazia likaanguka na meza ya dawa ikapinduka. Wagonjwa wenye miguu walikimbia, wasio na miguu walipiga kelele. Rungu lilishuka mara moja likapasua kioo cha dirisha, likainuliwa tena, na hapo ndipo Nabalayo alipoingia bila kuitwa na mtu, akasimama kati ya rungu na kitanda.

"Unataka kumpiga nani?" alimwuliza. "Amolo? Huyu unayemwona ni maumivu. Ngoja nikurudishie Amolo, halafu umpige."

Daktari Alamin alisema kwa upole kwamba mgonjwa bado anaendelea na mionzi, hajafika hatua ya kuja kwake.

"Yeye hajafika, daktari. Maumivu yake yameshafika."

Hapa tumshukuru Alamin, maana hakubishana. Aliitazama damu sakafuni, akaandika mofini, dawa kali ya maumivu, kwa mkono wake mwenyewe. Aliyebisha ni Caren. Alisimama na kumsukuma Nabalayo kifuani kwa mikono miwili.

"Hiyo ni dawa ya kuaga. Mmemaliza naye, siyo? Semeni tu mmemaliza naye."

"Kesho anaenda kwenye mashine kama kawaida, Mama Sheryl. Siji kuchukua nafasi ya mashine. Nimekuja kuisaidia."

Caren anasema hajawahi kuogopa vile, hata alipokuwa akijifungua. Akikataa, utabaki umefungwa. Akikubali, labda anakuua kwa mkono wake. Mwishowe alimnyang'anya Nabalayo kikombe kidogo cha dawa. "Basi nimpe mimi," alisema. Ulimtemea dozi ya kwanza usoni. Akajifuta, akaomba nyingine.

Ulilala. Ulipoamka uliuliza mpira uliishaje.

Hatusemi ulipona, na anayetaka muujiza akautafute kwingine. Tunasema ulirudi. Ulifunguliwa kamba, ukaenda kwenye mashine kwa miguu yako na fimbo, ukala samaki ukalalamika chumvi. Ulimwomba Alamin radhi, na alipokwambia matusi mengine hakuyaelewa kwa sababu yalikuwa ya Kijaluo, ulimtafsiria. Kisha Caren akacheka, akasahau kuficha mdomo, nawe ukaona.

"Nani amekupiga?"

Ilikuwa sauti ile ya bombani, ya siku ya Wakoli. Ulikuwa unatafuta viatu.

"Niliteleza," Caren alisema.

"Caren. Niambie ni nani."

Aliufunika mdomo kwa kiganja. Ulimtazama, ukatazama na vifundo vya mkono wako vilivyochubuka, na ukarudi kukaa. Siku hiyo hukusema tena. Caren anasema ngumi yako ilimuuma kidogo kuliko kimya kile. Na kikombe cha mchana kilipoletwa, ulikisukuma. Nabalayo akakusihi, Sheryl akalia, ukasema mkono uliofanya vile uachwe uungue. Caren alipiga magoti pale sakafuni. Alikuwa amekupata juzi tu, na sasa alikuona ukiondoka tena, safari hii kwa kutaka mwenyewe.

"Niitieni Ondiek," ulisema.

Alikuja mikono mitupu. Hakuweza kukutazama usoni.

"Shemeji, ulikuja hapa na kazi, hukuimaliza."

"Mambo hayo yamepita, Bwana Amolo."

"Yamekupita wewe. Nipige. Sinywi dawa ya huyu mama mpaka unipige."

Ondiek aligeuka kuondoka. Caren ndiye aliyemzuia mlangoni, Caren yule yule aliyemng'ata kwa ajili yako. "Mpige," alimwambia. "Mpige, anywe."

Alikupiga kofi. Halikuwa la mzaha. Kichwa chako kiligeukia ukuta. Kisha lile jitu la Kisian likakaa kitandani pako likilia kwa sauti, limekushika shavu lile lile lililolipiga.

"Imeuma?" alikuuliza.

Ulifikiri kwanza. Kwa muda mrefu hata shuka likikugusa lilikuwa moto.

"Imeuma kama kofi," ulisema. "Kofi tu, shemeji." Ukanyoosha mkono upewe kikombe.

Saratani ilikushinda baadaye, masika yalipoanza, lakini ilikukuta wewe mwenyewe, kwenye nyumba yako, ukibishana na Sheryl kuhusu redio. Ulikufa mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa Caren. Nabalayo hakai tena nyuma ya jengo la mashuka. Meza yake iko mlango mmoja na mashine ya mionzi, na mgonjwa anamwona siku anayofika, mapema kabla hajampiga mtu. Mungu akupumzishe, na amshike mkono mama huyo.

Wanaokukumbuka ni mkeo Caren, ambaye akiulizwa habari za jino lake husema lilitolewa na saratani. Binti yako Sheryl. Wakoli, aliyechimba kaburi lako na hakumruhusu mwingine ashike jembe. Na shemeji yako Ondiek, ambaye siku zile za mwisho alikuogesha kwa mikono yake, na wazee walioguna kuhusu heshima aliwaambia watoke nje.

Tutakukumbuka maisha yetu yote, Baba Sheryl. Na atakayekukumbuka vibaya, tutamfuata mpaka mlangoni kwake.